Maji ya Februari: Miaka Thelathini na Mmoja ya Fundi Ndambiri

Bwana Eliphas Ndambiri, fundi mkuu wa nyanjani katika Kituo cha Nishati Mashinani hapa Embu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minane. Alipoajiriwa Machi 1994 alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, cheti cha umeme na baiskeli ya kuazima. Anaondoka akiwa na miaka sitini, magoti mawili yanayolalamika kwa zamu, na shukrani za watu wengi ambao hapo mwanzo walimwona kama mtu wa kuwaharibia shughuli. Baiskeli alimrudishia mwenyewe mwaka uliofuata.

Mimi ni Karimi, na nimefanya kazi chini yake kwa miaka kumi na miwili. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye mhariri wa jarida la wafanyakazi, na ni mhariri kwa sababu siku ya kumchagua mhariri sikuhudhuria mkutano. Kuanzia Jumatatu nitakuwa pia fundi mkuu wa nyanjani. Basi huu ni wasifu ulioandikwa na mtu aliyechoka kuhusu mtu aliyechoka zaidi, na tunaomba mtuvumilie wote wawili.

Kuna jambo moja afadhali nilitoe njiani mapema, maana kila mtu ofisini analijua na kila mtu anajifanya halijui. Ni fomu ya upanuzi wa mtambo wa Kianjokoma. Fomu hiyo inauliza swali moja tu la maana: je, kijito kina maji ya kutosha kuendesha mtambo wa pili wa umeme? Anayejibu ni fundi mkuu wa nyanjani, kwa sahihi yake. Ndambiri alikataa kuitia sahihi mwezi wa Septemba. Wakubwa hawakugombana naye sana. Walihesabu miezi iliyobaki wakaona ni miwili. Wiki jana fomu ilihamia mezani kwangu, kabla hata yeye hajatoa vikombe vyake kabatini.

Nikitia sahihi, nyumba arobaini za kijiji cha juu, upande wa msitu, zitapata umeme ziliousubiri tangu mwaka 2014, na watu watatu wa ofisi hii, mimi nikiwa mmoja wao, watakuwa na kazi kwa miaka mitatu zaidi. Nisipotia, hakuna umeme na pengine hakuna kazi. Nyumba moja kati ya hizo arobaini ni ya mama yangu. Sasa mnajua kwa nini wasifu huu umechelewa kufika kwa mpiga chapa.

Turudi kwa mwenyewe.

Kazi ya kwanza ya Ndambiri ilikuwa ya jua. Mwaka 1996 alipelekwa Kibirichia kuwafungia sola wakulima wa viazi, nyumba kumi na moja pamoja na zahanati moja ndogo. Paneli za siku hizo zilikuwa ndogo kama mlango wa kabati, na betri zilikuwa zile za kuongezwa maji kila baada ya wiki chache. Maji ya betri yaliuzwa Meru mjini tu. Wakulima wakalalamika kwamba ni mbali, na tena ni maji gani hayo yanayokuja na mtungi wa plastiki kutoka Nairobi? Ndambiri amelelewa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako kila mtoto huambiwa kwamba duniani hakuna maji safi kuliko yanayoshuka kutoka kwenye theluji. Akawaambia watumie ya kijito. Wote waliafiki. Hakuna aliyeuliza, maana lilikuwa jambo la fahari.

Maji ya mlima ni matamu kwa sababu yana madini, na madini hayo hayo ndiyo yanayoua betri. Kabla mwaka haujaisha betri zote zilikuwa zimekufa. Zahanati ilikuwa na jokofu la chanjo lililotegemea betri yake, na chanjo zikamwagwa. Akina mama waliotembea tangu alfajiri walirudi nyumbani na watoto wao bila sindano.

Ripoti ya mwaka ule bado iko kwenye faili, na nimeisoma. Fundi mwingine angeandika kwamba betri zilikuwa hafifu, na hakuna ambaye angebisha. Ndambiri aliandika kwamba kosa ni lake, akataja siku aliyotoa ushauri ule na maneno aliyoyatumia. Kisha akaomba ruhusa, akapita nyumba zote kumi na moja kuomba radhi. Katika nyumba ya mjane mmoja aliyeitwa Mama Nkirote, alikalishwa chini akapewa sahani ya viazi kabla hajafungua mdomo. Alipomaliza kujieleza, mama yule akamwambia: "Wewe kijana ulikuja hapa na mazuri peke yake. Mabaya ulituachia sisi tuyatafute." Halafu akamwambia amalize viazi, kwa sababu kuomba msamaha si sababu ya kuacha chakula.

Tangu siku ile Ndambiri alikuwa na utaratibu wake, ambao sisi wafanyakazi wa hapa tumeuita "mabaya kwanza". Hafungi kitu chochote katika boma la mtu mpaka amewakalisha wote wa nyumba hiyo, baba, mama, nyanya na hata mfanyakazi wa ng'ombe, akawasomea kasoro za kile wanachokitaka. Mazuri hayagusi, kwa maelezo kwamba hayo wameshayasikia redioni. Akimaliza anaaga, anarudi baada ya wiki moja kuuliza kama bado wanataka.

Wanaotaka sola aliwaambia kwamba jua halimdai mtu chochote, halina moshi wala kelele, lakini kuanzia Juni hadi Agosti ukungu wa huku kwetu hukaa juu ya paa kama mgeni asiyejua kuaga, na taa itakayowaka vizuri Februari itakuwa ya kubembelezwa Julai. Tena betri itakufa siku moja, na betri iliyokufa ni sumu, si kitu cha kutupa shambani. Wanaotaka gesi ya samadi aliwaambia kwamba jiko litakuwa safi na macho ya mama yatapona, ila wajue wameajiriwa: kila siku ya Mungu, Krismasi ikiwemo, kuna mtu atabeba samadi na maji kulisha tangi, na ng'ombe wakipungua moto unapungua. Wengine walikata tamaa hapo hapo. Kati ya maboma kumi, manne yalikuwa yakijiondoa. Wakurugenzi watatu waliopita walimwandikia barua kuhusu hilo, na barua hizo alizihifadhi vizuri, moja akaitumia miaka mingi kuwekea kikombe cha chai.

Kule Maua kuna mfanyabiashara wa miraa aitwaye Kobia ambaye alimsikiliza mpaka mwisho kisha akacheka sana. "Mzee, wewe unauza ama unanikataza? Mimi ni mtu wa biashara, hiyo style yako itakufungia duka." Alichukua sola yake baada ya wiki moja. Miongoni mwa mabaya aliyosomewa ni kwamba mti wa mukima aliokuwa ameupanda nyuma ya nyumba ungekuja kuitia paneli kivuli. Baada ya miaka mitatu akapiga simu kwamba sola imeharibika. Ndambiri alisafiri kutoka Embu hadi Maua, akatazama paa, akatazama mti, akaomba ngazi. Hakusema "nilikwambia". Alihamisha paneli upande wa pili wa paa, akanywa chai, akarudi. Nimewahi kumuuliza kwa nini hakusema, maana mimi ningesema, na ningesema mara mbili. Alijibu kwamba Kobia alishaiona mwenyewe pale alipomshikia ngazi.

Mwalimu Gatwiri wa Nkubu naye alikuwa na tangi la gesi lililofanya kazi bila kasoro mpaka mwaka 2013, alipouza ng'ombe mmoja ili binti yake aende chuo. Aliyebaki alikuwa mzee, samadi haikutosha, jiko likazimika. Kwa wiki sita Ndambiri alikuwa akipitia kwa jirani wa mwalimu kila Alhamisi, akipakia magunia ya samadi kwenye gari la ofisi na kumpelekea, hadi mwalimu akapata mtamba. Hakuna fomu ya ofisi inayoruhusu jambo hilo. Waliopanda gari lile mwaka huo hawahitaji kusimuliwa zaidi. Dereva wetu wa wakati huo aliomba uhamisho na katika barua yake alitaja sababu za kiafya.

Ya upepo nitayasema kwa ufupi kwa sababu yenyewe yalikuwa mafupi. Mwaka 2009 tulisimamisha mlingoti wenye mapanga ya kufua umeme wa upepo kwenye kilima kimoja cha Kibirichia, pamoja na wageni, kofia na picha. Upepo ulivuma vizuri Agosti. Novemba ukatulia kabisa, na watu wakakaa wakiangalia mapanga yaliyosimama. Mwaka wa pili panga moja lilichomoka likaangukia shamba la viazi, na tunamshukuru Mungu kwamba ilikuwa siku ya Jumapili na watu wako kanisani. Ndambiri aliandika kwamba upepo ni mali, lakini ni mali ya mtu mwenye kitu kingine cha kutegemea ukitulia. Sentensi hiyo iliondolewa kwenye ripoti ya wafadhili. Nakala yake ya mkono ninayo.

Takwimu ni hizi, maana mkurugenzi aliniomba nisizisahau. Katika utumishi wake ameshiriki kufunga vifaa katika maboma zaidi ya elfu moja na mia tisa, kutoka Mbeere kwenye joto hadi Kibirichia kwenye baridi. Amefundisha mafundi sitini na wanne, wakiwemo wanawake kumi na saba, na wa kumi na saba ndiye anayeandika haya. Tulipokagua vifaa vya miaka kumi iliyopita, vyake vilivyokuwa bado vinafanya kazi vilizidi vya mtu mwingine yeyote. Hakuna siri hapo. Aliyesikia mabaya kwanza hashtuki yakija, anajua la kufanya.

Lakini kazi yake kubwa ni Kianjokoma. Mwaka 2006 wakazi walichimba mfereji kwa majembe yao wenyewe, wakajenga kizuizi kidogo kwenye kijito kinachotoka msituni, na Ndambiri akafunga mtambo unaozungushwa na maji. Mpaka leo mtambo huo unawasha nyumba tisini na sita, kinu cha kusaga, vinyozi wawili wanaochukiana, na tangi la kupoza maziwa. Maji hayachomi kitu, hayaombi mafuta, hayajali ukungu, na yanafanya kazi mchana na usiku. Kati ya nishati zote, hii ndiyo aliyoipenda, na hakuficha upendeleo wake.

Ubaya wake aliusema siku ya kwanza, akiwa amesimama juu ya udongo wa mfereji. Mtambo hauli maji, unayarudisha mtoni, lakini unayarudisha kilomita moja na nusu chini. Katika hiyo kilomita moja na nusu wanaishi watu. Kuna familia ishirini na tatu zinazochota, kunywesha ng'ombe na kumwagilia nduma na nyanya kutoka kwenye kijito hicho. Msemaji wao ni Bwana Njiru, mtu mpole ambaye siku hiyo aliuliza swali moja: mkichukua ya kwenu, yetu yatabaki? Ndambiri alimjibu kwamba yatabaki, na kwamba atayapima.

Alipima. Kila Jumatatu asubuhi, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa kwenye kizuizi kile na fimbo yenye alama za sentimita, akiandika kwenye daftari la shule. Alipofiwa na baba yake alipima Jumatatu, akazika Jumanne. Katika wiki za korona, barabara zilipofungwa, aliomba kibali cha polisi, na ofisa aliyesoma sababu ya safari alikiandika huku akitikisa kichwa. Madaftari sasa ni kumi na manne. Ndani yake kuna kitu ambacho hakuna mtu aliyetaka kukiona. Februari ya mwaka 2007 kijito kilitoa lita hamsini na mbili kwa sekunde. Februari ya mwaka huu kilitoa thelathini na moja.

Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la nne. Mtambo wa sasa unachukua lita ishirini. Zinabaki kumi na moja kwa akina Njiru, na tayari ni za kugawana kwa zamu. Mtambo wa pili unataka ishirini nyingine, ambazo Februari hazipo.

Fomu haiulizi Februari. Fomu inauliza wastani wa mwaka, na wastani wa mwaka ni lita sitini na nane, kwa sababu ndani yake yamo mafuriko ya Aprili na ya Novemba. Kwa wastani kuna maji ya mitambo mitatu. Bwana Mwirigi, mkurugenzi wetu, si mtu mbaya, na nitasema hivyo hata kama hatanisalimia Ijumaa. Yeye ndiye anayeombwa majibu na wafadhili, na yeye ndiye anayejua ni nani kati yetu atakayebaki na kazi. Katika mkutano wa Septemba alieleza kwa upole kwamba fomu imeuliza wastani, na anachohitaji ni wastani. Ndambiri aliyasugua magoti yake. Kisha akasema: "Ng'ombe wa Njiru hanywi wastani. Anakunywa maji ya Februari." Akasukuma fomu mpaka katikati ya meza.

Wengi wenu mliniona nikitoka kwenye mkutano ule. Nilikuwa na hasira, na si hasira ya kazini. Mama yangu ana miaka sabini na minne. Nguzo za umeme wa taifa ziliishia shuleni, mabonde mawili kabla ya kwake. Ana sola ndogo niliyomfungia mwenyewe, na kila Julai, ukungu ukikaa, taa yake hufa saa moja jioni na yeye hulala saa moja na dakika tano. Kila nikienda huniuliza swali lile lile: "Karimi, hiyo stima itakuja nikiwa hai ama mtaniwekea kwa kaburi?" Nilikuwa nimemwahidi mwaka ujao. Kwa wiki mbili sikumsalimia Mzee Ndambiri isipokuwa kwa mambo ya kazi. Kila asubuhi niliendelea kukuta chai yangu imeshamiminwa.

Niseme tena kwamba amechoka, kwa sababu katika sherehe za namna hii mstaafu husifiwa kana kwamba yuko tayari kuanza upya kesho. Huyu amechoka. Amechoka kuwa yule anayesema hapana chumbani ambamo kila mtu ameshakubali. Mara mbili mwaka huu nimemkuta amelala kwenye kiti mchana, kalamu mkononi, na sikumwamsha. Mke wake, Mama Gladys, aliniambia kwamba tangu Septemba mume wake anaamka kabla ya alfajiri na kukaa kitandani akitaja majina ya kijiji cha juu, nyumba moja baada ya nyingine. Anazijua zote arobaini. Si kwamba alikataa kwa sababu hawajui watu hao.

Jumatatu iliyopita tulikwenda kupima pamoja kwa mara ya mwisho. Mvua za Novemba zilikuwa zimenyesha na kijito kilikuwa kimejaa, kikivuka juu ya kizuizi kwa kelele nyingi hata ikabidi tupige makelele kusikilizana. Mtu aliyekiona siku hiyo tu angetia sahihi fomu tatu. Alinipa fimbo nipime mimi, akaandika yeye. Tuliposhuka, kwenye mahali palipotulia, nilimuuliza waziwazi nifanye nini na fomu ile. Nilitaka aniambie. Nilitaka aniamuru, kusema kweli, ili nikifika kwa mama niseme kwamba mzee ameamua.

Hakuniambia. Alisema kwamba huenda amekosea. Huenda mvua zikarudi kama zamani, na watu wa nyumba arobaini wakawa wamekaa gizani kwa ajili ya madaftari ya mzee mmoja mwoga aliyewahi kuua betri kumi na moja na moja ya zahanati. Alisema hilo linamwuma na litaendelea kumwuma. Kisha akasema: "Mimi nimechoka, Karimi. Hiyo sasa ni yako." Tukaendelea kushuka, yeye mbele, polepole, akishika miti.

Nilikasirika tena, kwa umbali wa kama mita mia mbili. Halafu nikaona nduma za Njiru, na mke wake akiosha sufuria kwenye jiwe, akatupungia mkono bila kusimama.

Naandika haya Jumatano. Jana jioni nilipanda hadi kwa mama, nikamkalisha, nikamwambia kwamba umeme hautakuja mwaka ujao, na kwamba wa kuuzuia ni mimi. Nilimweleza habari za Februari, za lita thelathini na moja na za akina Njiru. Mama alisoma mpaka darasa la pili lakini hesabu ile aliifuata bila shida. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliniuliza: "Sasa mimi nilikosea nini?" Aliinuka akawasha moto, tukala. Nilipoondoka alinifungia maharagwe kama kawaida, lakini hakunisindikiza hadi mlangoni.

Leo asubuhi nimemrudishia Bwana Mwirigi fomu. Mahali pa sahihi nimeandika kiasi cha maji ya Februari, mwaka kwa mwaka, miaka yote kumi na tisa, na kwa kuwa nafasi haikutosha nimeendelea nyuma ya karatasi. Nimeambatisha barua inayoomba kwamba zile nyumba arobaini zitafutiwe njia nyingine, betri kubwa na paneli za kutosha, pamoja na kasoro zake zote nilizozijua, na sijui kama kuna atakayeisoma. Bwana Mwirigi alivaa miwani, akasoma pande zote mbili, akaniuliza kama nimekunywa chai. Mambo ya kazi zetu tutayazungumza Januari. Mhariri wa jarida hili ni mimi, kwa hiyo sehemu hii haitaondolewa.

Mzee Ndambiri, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, asante. Asante kwa mafundi sitini na wanne, kwa gari lililonuka, kwa ngazi uliyoipanda ukiwa kimya, na kwa chai ulizonimiminia nilipokuwa sikusalimii. Mama Gladys, tunakurudishia mume wako, amechakaa kidogo lakini bado anafanya kazi. Tunawaombea miaka mirefu, miwa na ndizi za kutosha, na asubuhi ambazo hakuna mtu anayesubiri kupimiwa chochote.

Na wewe Mzee, lala. Lala mpaka jua lichomoze, ulale hata Jumatatu. Mtu wa kijiji cha juu akikusimamisha sokoni Kianjokoma kukuuliza umeme wake uliishia wapi, usimweleze, usijitetee, na usianze kutaja majina kabla ya alfajiri. Mwelekeze kwangu. Aliyekataa ni mimi.